Shahada Si Bidhaa ya Dukani

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali.)



Mmenitaka nizungumze juu ya masomo ya vyuo yatolewayo kwa njia ya mtandao, na juu ya nani apaswaye kuyasimamia. Nitaanza na kisa cha mtu mmoja, maana jambo hili likizungumzwa kwa kanuni peke yake huonekana kuwa la ofisini, kumbe ni la nyumbani na la mfukoni.

Yuko mwalimu mmoja ninayemfahamu tangu utoto. Alikuwa na stashahada, akafundisha miaka 12, akatamani shahada. Chuo kilikuwa mbali, na ruhusa ya masomo hakuipata. Siku moja akaona tangazo katika simu yake: chuo cha nchi za nje, shahada kwa miezi 12, hakuna kusafiri, ada kwa awamu. Akakopa katika chama cha akiba na mikopo, na mkewe akakubali ng'ombe wao wawili wauzwe. Akawa anajibu maswali ya kuchagua, na kila mara alifaulu. Katika mwaka mzima hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyemwandikia, "Hapa umekosea, rudia." Hatimaye akaletewa cheti chenye mhuri wa rangi ya dhahabu. Alipokipeleka kwa mwajiri ili afikiriwe kupandishwa daraja, akaambiwa kwanza kitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tume haikukitambua. Mkopo anaulipa hata leo.

Ndugu zangu, ni rahisi kumcheka mtu huyu. Lakini tujiulize, kosa lake lilikuwa nini? Hakughushi kitu. Alikesha akisoma alichopewa. Kosa lake ni kwamba aliuliza baada ya kulipa, badala ya kuuliza kabla. Na kosa letu sisi, tulio katika ofisi na shule, ni kwamba hatukumzoeza kuuliza.

Wapo watakaosema dawa ni kuyakataa masomo ya mtandao yote. La hasha. Kusoma ukiwa mbali na mwalimu si jambo geni katika nchi hii. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipoamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikutosha hata kidogo. Makumi ya maelfu ya vijana walifundishwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa kufundisha darasani huku wakisimamiwa na walimu wenye uzoefu. Wapo waliosema, na si bila sababu, kwamba haraka ile ilipunguza kiwango. Hata hivyo, yule kijana alionwa akifundisha, na daftari lake likasahihishwa. Kulikuwa na jicho la mtu.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1994. Chuo hicho kina vituo mikoani, na mtahiniwa hufika kituoni, akaonyesha kitambulisho, akaketi mbele ya msimamizi. Tena mwezi Machi 2020, vyuo vyote vilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona mpaka tarehe 1 Juni, hata wale waliokuwa wakiyadharau masomo ya mbali walianza kuyatafuta. Kwa hiyo suala la kama mtu aweza kuelimika akiwa mbali limekwisha kujibiwa. Suala lililobaki ni hili: nani aliyeangalia?

Wapo pia wasomi wanaoona kuangaliwa kuwa ni kudharauliwa. Nawakumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwenye kutoa shahada alikuwa mwingine. Hakuna aliyesema kwamba wanasheria wale wa kwanza walikuwa hafifu kwa sababu hiyo. Hata leo chuo chenye kujiheshimu humwita mtahini wa nje apitie karatasi za wanafunzi wake. Fundi mzuri haogopi timazi.

Basi tupime nini? Mimi nina vipimo vinne, na kila mmoja wenu aweza kuvitumia bila kusubiri waraka.

Kwanza, saa. Katika utaratibu wetu wa vyuo vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ikiwa ni pamoja na kusoma peke yake, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Hizo ni saa 3,600. Mtumishi anayesoma saa tatu kila jioni, siku tano kwa juma, majuma 40 kwa mwaka, hupata saa 600. Atahitaji miaka sita. Akitaka kuzimaliza kwa miezi 12, itampasa asome karibu saa 10 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, tena baada ya kazi. Chuo kinachomwahidi mtumishi wa namna hiyo shahada kamili kwa mwaka mmoja, ama hakijui hesabu, ama kinadhani yeye haijui.

Pili, mwalimu. Yuko nani upande wa pili wa mtandao? Sheria ya Marekani inayohusu mikopo na misaada ya wanafunzi huyatenga masomo ya mbali na masomo ya posta kwa kipimo hiki: je, mwalimu huwasiliana na mwanafunzi mara kwa mara, na kwa jambo la maana? Kuanzia mwaka 1992 nchi hiyo ilivinyima misaada hiyo vyuo ambavyo zaidi ya nusu ya masomo yake yalikuwa ya posta, kwa sababu ya udanganyifu uliokuwa umezagaa. Kizuizi hicho kililegezwa kwa masomo ya mtandao mwaka 2006, lakini kipimo cha mwalimu kikabaki. Video zilizopangwa katika tovuti ni maktaba. Maktaba ni kitu chema, lakini haisahihishi.

Tatu, mtihani. Aliyefanya mtihani ndiye aliyeandikishwa? Leo programu ya akili mnemba huweza kuandika insha ya kurasa 10 mwanafunzi akiwa anachemsha chai. Insha iliyoandikwa nyumbani haithibitishi tena kitu peke yake. Hapana budi pawe na chumba, msimamizi na kitambulisho, au walau mwanafunzi aulizwe kwa mdomo aitetee kazi yake.

Nne, nasaba. Chuo hicho kinatambuliwa na nani katika nchi yake chenyewe? Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact, yenye makao mjini Karachi, Pakistani, ilikuwa ikiuza shahada kwa majina ya vyuo chungu nzima vilivyokuwa na tovuti za kupendeza, picha za maprofesa na hata mashirika ya kuvithibitisha. Maprofesa wale walikuwa waigizaji, na mashirika yale ya uthibitisho yalikuwa ya kubuni. Kwa hiyo neno "kimethibitishwa" halitoshi. Tuulize kimethibitishwa na nani, na huyo naye anatambuliwa na nani.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwe mtu wa kuwahimiza wanafunzi peke yao. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ina mamlaka ya kukagua vyuo na kutambua shahada za nje. Kazi hiyo ni njema. Lakini kutambua cheti ni kazi ya mwishoni, wakati fedha zimekwisha kuliwa. Inayomfaa mwananchi zaidi ni taarifa ya mwanzoni: orodha za vyuo vinavyotambuliwa zibandikwe katika kila ofisi ya wilaya na kila chumba cha walimu, kwa Kiswahili, na anayeuliza habari za chuo ajibiwe upesi. Tena ukaguzi wa masomo ya mtandao usipime majengo na viti. Upime idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, siku zinazopita kabla zoezi halijarudishwa, na wangapi walioanza ndio waliomaliza. Na ukaguzi huo uvifikie vyuo vyetu vya hapa nchini vilevile. Mwanafunzi aliyeko Kibondo au Tandahimba, anayenunua bando kwa fedha ya mboga, asipewe picha za daftari la zamani zikaitwa somo.

Na sisi waajiri je? Mwezi Aprili 2017 Serikali ilipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyoonyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu. Wengi tulilaani, na tulikuwa na haki. Lakini soko haliwi na wauzaji bila wanunuzi. Tunapompandisha mtu cheo kwa karatasi, bila kuuliza aliyojifunza yanaonekanaje katika kazi yake, sisi wenyewe tunalilisha soko hilo. Ofisa utumishi anayepokea cheti kipya na amwulize mwenye nacho maswali mawili tu: ulijifunza nini ambacho hukukijua, na nani aliyekusahihisha? Aliyesoma atajibu kwa furaha. Asiyesoma atatazama dari.

Yule mwalimu rafiki yangu sasa anasoma upya, katika chuo kinachotambuliwa, kwa njia hiyo hiyo ya mtandao. Mwezi uliopita alinionyesha zoezi lake la kwanza. Alikuwa amepata alama 41 kwa 100, na pembeni mwalimu wake alikuwa ameandika mistari mingi ya masahihisho. Alinionyesha kwa fahari kuliko alivyonionyesha kile cheti cha mhuri wa dhahabu. Akaniambia, "Ndugu yangu, huyu amenisoma."

Ndugu Walimu, ninyi mnaijua kalamu hiyo nyekundu kuliko mimi. Tudai iwepo katika kila somo linaloitwa la chuo, liwe la darasani au la mtandao. Na kabla jirani yako hajauza ng'ombe wake, mwambie aulize.