Takwimu Zinazojibu Swali la Mwanachama

Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi, Tunduma



Hapa Tunduma, mtu anayebadilisha shilingi kwa kwacha kabla ya kuvuka kwenda Nakonde hakubali kutajiwa jumla tu. Hutaka noti zihesabiwe mbele ya macho yake. Nasi yatupasa tujiulize: je, mkulima wa kahawa wa Mbozi huiona hesabu yake ikifanywa, au hutajiwa jumla tu?

Katibu mwenye kompyuta aghalabu huchambua takwimu katika programu moja, kisha hunakili majibu kwa mkono katika slaidi za kuonyesha mkutanoni. Hapo ndipo kosa huingia. Daftari likisahihishwa jana jioni, slaidi hubaki na tarakimu za juzi. Na mwanachama akiuliza swali, ukutani pana picha isiyoweza kumjibu.

Dawa yake ni kutengeneza slaidi ndani ya programu ile ile inayochambua takwimu. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, hutolewa bure. Tangu mwaka 2012 inayo nyongeza iitwayo Shiny, imwezeshayo mtu kubadili tarakimu na kuona jibu papo hapo. Quarto, iliyotangazwa mwaka 2022, hupanga hesabu, majedwali na maelezo kuwa slaidi. Vyote vikishawekwa katika kompyuta, hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Natoa mfano, wala si takwimu za chama chochote. Chama kimekusanya kilo 10,000 za kahawa kavu isiyokobolewa. Katibu amekadiria kwamba kila kilo 100 zitatoa kilo 80 za kahawa safi, yaani kilo 8,000 kwa jumla. Mwanachama anasimama: "Ndugu Katibu, zikitoka kilo 78 je?" Katibu anasogeza kishale kwenye slaidi, na jumla inashuka hadi kilo 7,800. Kwa bei ya shilingi 7,000 kwa kilo, pengo ni shilingi 1,400,000, na malipo ya pili yanapungua huku wote wakitazama. Sasa mkutano umeelewa kwa nini mjumbe wa chama hana budi kuwapo wakati wa kukoboa na kupima.

Ndugu zangu, chombo hiki hakina muujiza. Mizani ikidanganya, slaidi nayo itadanganya, tena kwa picha ya kupendeza. Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, stakabadhi ya kila mkulima iingizwe siku ile ile ya kupima. Pili, wajumbe wa Bodi walinganishe tarakimu za kompyuta na daftari kabla ya mkutano. Tatu, jedwali lichapwe na kubandikwa katika ubao wa matangazo, kwani umeme hukatika, na si kila mwanachama atahudhuria.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lisiloweza kuulizwa swali nalo halimlindi mwenye mali. Katibu asiliogope swali la mwanachama. Swali hilo ndilo linalolinda kahawa yake na jina la chama.