Kuchagua na Kutunza Mashine ya Kuchora Chuma Karakanani



Wenye karakana wengi huanza na swali la wati: ninunue leza ya 20 au ya 50? Naomba swali hilo lisubiri. Kwanza tujue alama itakaa juu ya kitu gani, na itapitia mateso gani.

Tuchukue mtungi wa gesi ya kupikia. Kwenye kola, ile pete ya chuma inayoikinga vali, huandikwa uzito wa mtungi mtupu na tarehe ya kupimwa. Mtungi huo utaburuzwa, utarushwa kwenye lori, utapigwa rangi upya. Alama ya leza iliyobadilisha uso wa chuma tu itafunikwa na rangi, na anayepima gesi hataisoma tena. Hapa nashauri mashine ya kudonoa: sindano ya kabaidi hugonga vitone vilivyokaribiana hadi herufi ijitokeze, na kina chake husomeka hata juu yake ikipita rangi. Ila idonoe kola. Ukuta wa mtungi unabeba presha, na kila jeraha juu yake laweza kuwa chanzo cha ufa.

Kwa vifaa vya upasuaji, vipimo vya mafundi au mabamba ya pampu, leza ya faiba ndiyo yenyewe. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambao chuma huunyonya. Leza ya kaboni dioksidi inayokata mbao na akriliki ina nanomita 10,600, na chuma kitupu huurudisha mwingi wa mwanga huo. Muuzaji akikuambia mashine moja ya aina hiyo itakufanyia mbao na chuma sawasawa, mpe kipande chako mwenyewe akichore mbele yako, kisha kisugue kwa msasa.

Angalieni pia lenzi. Ya eneo la milimita 300 kwa 300 huvutia, lakini doa la mwanga hutanuka na nguvu yake hupungua. Kama kazi zako ni vibamba vidogo, ya 110 kwa 110 itachora kwa ukali na haraka zaidi.

Sasa utunzaji, ambako mashine nyingi hufia. Moshi wa chuma ukikosa feni ya kuuvuta hutua juu ya kioo cha lenzi. Uchafu hunyonya joto, na kioo hupasuka. Kifutwe kwa karatasi ya lenzi na alkoholi safi ya isopropili, mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Shati la fundi lisikiguse kabisa. Dar es Salaam au Mombasa, ukizima kiyoyozi na kufungua mlango, unyevu huganda kwenye vioo vilivyobaki baridi. Subirini vikauke kabla ya kuwasha. Umeme unaopanda na kushuka unahitaji stabilaiza, na waya wa ardhi ufungwe kweli.

La mwisho ni macho. Kidoa chekundu mnachokiona mezani ni cha kuelekezea tu. Mwali unaochora hauonekani, nao hufika hadi kwenye retina. Miwani iwe imeandikwa 1064 pamoja na kiwango chake cha kuzuia mwanga; ya kuchomelea haitoshi. Na mgeni anayekuja kutazama kazi avae ya kwake kabla hajasogea mezani.