Saa ya Kiswahili na Jua la Mpanda

Hesabu ya saa za Kiswahili huanzia macheo: saa moja asubuhi ndiyo saa ya kwanza kutimia tangu jua kuchomoza. Pwani, kanuni hii haiachani sana na jua lenyewe. Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, iko karibu na longitudo ya 31 mashariki, ilhali saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45. Kila digrii ni dakika 4. Hivyo jua la Mpanda huchelewa takriban dakika 56. Mwezi Julai saa moja hutimia kabla ya jua kuchomoza, na mtoto aendaye shule saa kumi na mbili hutembea gizani.

Lugha haikukosea. Alfajiri, macheo, machweo, usiku kucha na mchana kutwa hupima nuru, si mshale wa saa. Mkulima apangaye kazi kwa maneno hayo hakosei popote alipo. Basi kamusi ifasili saa moja kwa saa rasmi, na macheo iyaachie jua.