Cheti cha programu na kazi ya hesabu: kinasaidia nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa Baraka



Kamati iliniomba niseme juu ya swali linalorudi kila mkutano. Mtu alikuwa mwalimu, mshonaji, muuguzi ao mchuuzi. Sasa anataka kuingia kazi ya hesabu katika shirika, benki ao coopérative ya akiba. Je, cheti cha Excel, QuickBooks ao Sage kitamuingiza?

Swali hili linagusa kasha letu. Kuna wanachama wameomba mkopo ili walipe masomo hayo. Mama mmoja aliniuliza kama auze cherehani yake. Cherehani ile ndiyo inalisha watoto wake. Kabla mtu hajauza kitu kinachomlisha, ni lazima tumwambie ukweli.

Jibu langu fupi ni hili: cheti kinamsaidia mtu mwenye kujua hesabu, anayekosa chombo tu. Yule anayekitafuta ili kisimame pahali pa kujua hesabu, kwake kinasaidia kidogo sana.

Tuanze na cheti chenyewe. Ziko aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni karatasi ya kuhudhuria: ulikaa katika chumba siku tano, ukapewa karatasi yenye muhuri. Ya pili inatoka katika mtihani wa mtengenezaji wa programu, kama ule wa Microsoft Office Specialist, ambapo unafanya kazi mbele ya kompyuta kwa muda uliohesabiwa. Ya kwanza inasema ulikuwepo. Ya pili inasema unaweza kutumia chombo. Hata moja haisemi kwamba wewe ni mhasibu. Mtu anayejua kuendesha pikipiki hajawa bado mchuuzi wa samaki.

Katika kazi yangu nimekaa mara kadhaa upande wa wale wanaosoma barua za kuomba kazi. Mara ya kwanza kuchuja, wanaangalia diploma: graduat ao licence ya uhasibu ao gestion, halafu miaka ya kazi. Programu iko chini ya orodha. Cheti kinaanza kusema kitu pale watu wawili wanapokuwa sawasawa katika mengine yote.

Halafu unakuja mtihani. Unapewa kitabu cha caisse cha mwezi mmoja, fungu la risiti na karatasi ya benki. Unaulizwa: kwa nini benki inaonyesha pesa nyingi kuliko kitabu chetu? Nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakitengeneza meza yenye rangi tatu, lakini jibu hawana. Na jibu linaweza kuwa jepesi: tuliandika hundi kwa muuzaji, yeye hajaipeleka benki. Excel haitakuambia hilo. Ni wewe unapaswa kujua kwamba hundi inaweza kulala katika mfuko wa mtu.

Sasa nasema na wale waliotoka Nyarugusu na kambi zingine za Tanzania, juu yao wana mlima mwingine. Wengi walisoma hesabu kule kwa Kiingereza na Kiswahili. Mtu wa Kigoma akisikia « caisse » anafikiri kesi ya polisi. Hilo ni la kucheka, lakini kuna lisilo la kuchekesha. Tangu 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, pamoja na nchi zingine 16 za Afrika. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi haziko. Hapa akaunti zina nambari moja kwa wote: darasa la 4 ni watu tunaodaiana nao, la 5 ni pesa, la 6 matumizi, la 7 mapato. Benki ni 52, caisse ni 57, gharama za wafanyakazi 66. QuickBooks inakuachia upange orodha ya akaunti wewe mwenyewe. Kama hujui orodha ya OHADA, utapanga ile ya kule, na mkaguzi wa hapa ataikataa.

Hata Excel yenyewe inabadilika. Uliyezoea kuandika SUM na IF, kwenye kompyuta ya Kifaransa utakuta SOMME na SI, na mara nyingi nukta-mkato pahali pa mkato. Tena angalia hatari hii: 1,500 uliyoizoea ni elfu moja na mia tano. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa inaisoma moja na nusu. Kosa la mkato mmoja linaweza kumeza mshahara wa mtu.

Lakini sitaki mutoke hapa na roho chini. Ninyi muko na vitu ambavyo cheti hakiuzi. Mama aliyeshika funguo za kasha la akiba miaka mitatu na kasha halikupungua, huyo ameshafanya kazi ya caissier. Kijana wa M-Pesa ao Airtel Money, anayelinganisha kila jioni pesa za mkononi na pesa za simu, huyo anajua ulinganisho wa hesabu hata kama hajasikia jina lake. Mchuuzi anayejua ni nani sokoni analipa deni na nani anakimbia, coopérative ya akiba inaweza kumhitaji kama agent de crédit kuliko mwenye karatasi tano. Mlango wa mtu anayebadilisha kazi mara nyingi ni huo mdogo: caissier, msaidizi wa mhasibu, mtunza depo, agent de crédit. Kwa watu kama hao cheti kina maana, sababu kinaongeza chombo juu ya kazi iliyopo.

Kuna na uaminifu. Anayetafuta mtu wa kushika pesa atauliza: nani anakujua? Sisi tuliorudi tunaumia hapo, juu ya wanaotujua walibaki ng'ambo ya ziwa, ao walitawanyika.

Kwa hiyo naomba kamati ipime mambo manne.

Moja, mtu asikope kwa ajili ya cheti kabla hajajaribu masomo ya bure. LibreOffice Calc hailipishwi, na ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Akifunga hesabu za miezi mitatu bila kukosea, hapo tuzungumze mkopo.

Mbili, vitabu vya chama viwe shule. Tangu tarehe 1 Januari 2024 OHADA imeweka mfumo wa hesabu wa vyama visivyotafuta faida, SYCEBNL, na ndani yake kuna njia nyepesi ya vyama vidogo. Sisi wenyewe tunahusika. Tuweke wanafunzi wawili karibu na mtunza pesa kwa miezi sita. Wao waandike, yeye ahakikishe, na funguo zibaki kwake.

Tatu, atakayemaliza vizuri apewe barua ya ushuhuda yenye sahihi ya kamati, inayosema alishika vitabu gani na kwa muda gani. Asiyemaliza asipewe, hata akiwa mtoto wa nani. Siku tutakapotoa barua moja ya uongo, barua zote zitakuwa takataka.

Nne, hili nawaambia wafadhili wetu kwa heshima: semina ya siku tano inatoa picha nzuri na vyeti 30. Kompyuta mbili zinazobaki hapa, pamoja na mhasibu anayekuja mara moja kwa mwezi kusahihisha vitabu, zitatoa watu wachache zaidi. Lakini hao wataweza kukaa mbele ya ule mtihani na kujibu juu ya hundi iliyolala.

Kwa mama wa cherehani nilisema: usiuze. Anza kuandika hesabu ya ushonaji wako kila jioni, vitambaa vilivyoingia, nguo zilizotoka, nani hajalipa. Ukijaza kitabu kimoja, ukilete tukisome pamoja.

 Maswali sasa, na yule mwenye shaka aanze.