Undugu wa Bodaboda na Heshima ya Sare

Katika mji wa Juba, makao makuu ya Jamhuri ya Sudan Kusini, pikipiki ya bodaboda ikizimika njiani, dereva wake hakai peke yake kwa muda mrefu. Mwenzake anayepita hupunguza mwendo na kuuliza kwa ishara ya mkono. Akijibiwa kwamba mambo si mazuri, husimama. Ikiwa kasoro ni plagi, huisafisha. Ikiwa ni petroli, humpimia kidogo kutoka katika tangi lake. Na ikiwa mashine imekataa kabisa, huisukuma kwa mguu, yake ikinguruma, hadi kwa fundi wa karibu. Huenda wawili hao hawajuani kwa jina wala hawatoki kabila moja. Kinachowaunganisha ni kazi.

Kazi hiyo haina umri mkubwa mjini humo. Jina la bodaboda lilianza miaka ya 1960 katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako vijana wenye baiskeli waliwavusha wasafiri kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Baada ya Mkataba wa Amani wa tarehe 9 Januari 2005, Juba ilifunguka kwa biashara, na pikipiki zikaingia kwa wingi, nyingi pamoja na madereva wake kutoka Uganda. Mwaka 2013 serikali iliagiza kwamba kazi hiyo iwe ya raia wa Sudan Kusini peke yao, na vijana wa nchi wakazidi kuishika, wakiwamo waliorudi kutoka ukimbizini Kenya na Uganda, wakizungumza Kiswahili pamoja na Kiarabu cha Juba. Wenyeji huziita pikipiki hizo senke, kutokana na aina moja ya pikipiki za China. Ndizo zinazowafikisha watu Konyo Konyo, Gudele, Munuki na Kator, hata katika njia za udongo ambazo mvua ikinyesha gari dogo hukwama.

Mpita njia aonapo pikipiki kumi zimeegeshwa chini ya mwembe, huenda akadhani ni kundi la vijana wasio na mpango. Sivyo. Kituo cha bodaboda kina adabu zake. Aliyetangulia kufika ndiye hutangulia kubeba. Abiria hanyang'anywi. Dereva wa kituo kingine akishusha mtu hapo, huondoka mtupu. Hapakii mbele ya wenyeji. Mgeni atakaye kujiunga hujitambulisha kwa wakubwa wa kituo. Mmoja akiugua, mchango hupitishwa. Akifariki, wenzake humsindikiza hadi kaburini. Anayevunja adabu hizo huonywa, na asiposikia hutengwa. Hakuna aliyewaandikia kanuni hizo. Wamezitunga wenyewe, kwa sababu bila hizo riziki ingegombaniwa kwa ngumi kila asubuhi.

Askari akizitazama kanuni hizo atazitambua upesi, maana ni ndugu wa zile za kambini. Kuheshimu zamu, kumtii aliyekabidhiwa uongozi, kugawana kilicho kidogo na kutomwacha mwenzako njiani, hayo ndiyo hukifanya kikosi kiwe kikosi. Tofauti ni moja tu: askari amefundishwa nidhamu hiyo na serikali, na mwendesha bodaboda amefundishwa na shida.

Shida yenyewe si ndogo. Sudan Kusini huchimba mafuta na kuyauza nje, lakini petroli inayotumika Juba husafirishwa kwa malori kutoka bandari ya Mombasa, kupitia Uganda na mpaka wa Nimule. Malori yakichelewa, foleni hurefuka na petroli huuzwa katika chupa kando ya barabara kwa bei ya kuumiza. Hapo ndipo undugu hupimwa. Na hapo ndipo mtu mwenye sare anayekwenda moja kwa moja mbele ya foleni kwa ajili ya pikipiki yake binafsi huonekana na macho mengi. Hupata lita zake, lakini huacha nyuma yake kitu kisichonunulika.

Iko hatari nyingine. Uganda na Kenya magari hupita kushoto, na Sudan Kusini hupita kulia. Katika barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, yenye kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012, dereva anayevuka mpaka hana budi kubadili upande, na mazoea ya miaka hayabadiliki kwa dakika moja. Dereva mzoefu humwonya mgeni kwa taa na kwa mkono. Taa hiyo hiyo, hata hivyo, hutumika pia kumwonya mwenzake kwamba mbele kuna kizuizi cha polisi. Jambo hilo huwaudhi polisi, na wana haki ya kuudhika. Mwizi aliyepanda pikipiki naye huiona taa hiyo. Lakini inafaa kujiuliza: kwa nini mtu mwenye leseni, asiye na kosa, amwonye mwenzake dhidi ya mlinzi wa usalama? Jibu ni kwamba amezoea kukiona kizuizi kuwa mahali pa kutoa fedha, wala si mahali pa kulindwa.

Undugu usio na imani na sheria ni jambo la kuogopwa. Mwezi Machi 2022, mjini Nairobi, kundi la waendesha bodaboda lilimzingira mwanamke aliyekuwa akiendesha gari na kumdhalilisha, baada ya madai kwamba alikuwa amesababisha ajali. Kenya nzima ilishtuka, na serikali ikaamuru msako mkali. Pengine waliokimbilia pale walidhani wanamtetea mwenzao. Mshikamano ule ule unaompa petroli aliyekwama uligeuka kuwa silaha, kwa sababu waliokusanyika walijifanya polisi, mahakama na gereza kwa wakati mmoja. Tabia hiyo haistahili kuonewa huruma. Juba nayo haina kinga dhidi yake.

Kinga iko mikononi mwa askari kwa sehemu kubwa. Wakazi wa Juba waliishi mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016, na mtu aliyewahi kukimbia milio ya risasi huisoma sare kwa makini. Askari anayepanda bodaboda na kulipa nauli waliyopatana amefanya kazi ya ulinzi bila kushika bunduki. Anayeshuka na kuondoka bila kulipa ameiba chakula cha watoto, na habari zake huwa kituoni kabla jua halijatua. Polisi anayekamata pikipiki kwa kosa la kweli, akataja kosa, akaandika risiti na kurudisha mashine faini ikilipwa, hupunguza maadui wa sheria. Anayeifungia bila maelezo huwaongeza. Ajali inapotokea, polisi anayefika mapema, akawatenga wenye hasira na kumshughulikia majeruhi kwanza, huwaokoa watu wawili: aliyeumia, na yule ambaye angepigwa.

Askari mwenye pikipiki yake naye awe mfano. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mjini Kigali, Rwanda, abiria wa pikipiki hupewa kofia yake kabla ya kupanda, na hilo limekuwa jambo la kawaida. Lakini polisi atamwambiaje raia avae kofia, ikiwa yeye mwenyewe hupita kichwa wazi?

Viongozi wa vituo vya bodaboda wanamjua kila mgeni, kila pikipiki isiyo na namba na kila abiria wa usiku anayetia shaka. Polisi anayekaa nao, akasikiliza malalamiko yao na kuheshimu foleni yao, hupata macho ambayo hayangetokana na vizuizi mia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Waendesha bodaboda wa Juba wamekwisha kufaana wao kwa wao. Ni wajibu wa kila askari, wa jeshi na wa polisi, kujiuliza kama pikipiki yao ikizimika usiku njiani, na wakamwona mtu mwenye sare anakuja, watafurahi au watakimbia.