Usubi, Upepo na Farasi wa Midrand

Midrand, mji ulioko kati ya Johannesburg na Pretoria, unajulikana pia kwa farasi, hasa katika kitongoji cha Kyalami. Kila mwaka mvua za kiangazi cha kusini zinapokolea, wenye farasi hao huitazama anga kwa wasiwasi. Si radi wanayoihofia, bali usubi, mdudu asiyezidi milimita 3, aenezaye maradhi ya farasi ya Afrika.

Maradhi hayo hayaambukizwi kwa farasi kugusana. Huletwa na usubi unaouma na kunyonya damu. Katika aina yake kali, inayoshambulia mapafu, farasi walio wengi hufa, na tiba haijapatikana. Mnamo 1854 na 1855 yaliangamiza farasi wapatao 70,000 huko Rasi.

Hali ya hewa ndiyo iamuayo lini mdudu huyo aruke. Kwa wepesi wake, upepo wa wastani tu humzuia. Mvua nayo humtuliza, lakini hulowesha udongo wenye samadi anamozaliana. Baridi humlegeza, na chini ya nyuzi joto 15 hata virusi haviongezeki mwilini mwake.

Basi jioni ambayo binadamu huifurahia, yenye joto na isiyo na upepo baada ya mvua ya mchana, kwa farasi ndiyo jioni ya hatari.

Mwaka 1999 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba kati ya milipuko mikubwa 14 iliyoikumba Afrika Kusini tangu 1803, 13 ilitokea katika vipindi vya El Niño, pale ukame ulipofuatiwa na mvua nyingi.

Chanjo ipo, nayo hutolewa kabla ya msimu, ila haimkingi kila farasi. Kwa hiyo mtunza farasi huwaingiza bandani kabla jua halijatua, akafunika madirisha kwa wavu, na kuwatoa jua likishapanda. Aina ya usubi iliyo mashuhuri kwa kueneza maradhi haya haipendi kuingia ndani.

Umande unapoanza kuganda usiku, kuelekea Juni, usubi hupungua sana na hofu hutulia. Hadi hapo, saa moja ya kuchelewa malishoni, katika jioni tulivu, yaweza kumgharimu farasi uhai wake.