Mshipi Hukatika Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chake Chake, Pemba)



Nimeagizwa kusema juu ya vyombo vya kuvulia samaki, yaani mshipi, ufito na gurudumu la kukunjia mshipi: jinsi ya kuvichagua na jinsi ya kuvitunza. Huenda wengine wenu mkauliza, Karani ana nini na mshipi? Jawabu ni kwamba wengi wetu siku za kazi tu makarani, na siku ya mapumziko tu wavuvi. Na samaki aletwaye na karani huingia chunguni sawasawa na samaki wa sokoni. Tena vyombo hivi vyanunuliwa kwa mshahara, na mshahara wenyewe mwaujua.

Sikuja kuwafundisha watu wa Kojani wala wa Tumbe kazi yao. Hao ndio walimu wetu. Mvuvi wa Kojani aliyekunja mshipi wake juu ya kibao huujua kwa vidole vyake, pima kwa pima, kwa kuwa kila siku hupita mkononi mwake. Nasema na ninyi mlionunua ufito na gurudumu, vyombo ambavyo wazee wetu hawakuturithisha, na kwa sababu hiyo hatukurithi adabu ya kuvitunza.

Neno langu ni moja tu: mshipi hukatika nyumbani kabla haujakatika baharini.

Mwenzetu mmoja, ambaye nitamsitiri jina, naye ameniruhusu kusimulia, alitoka kwa ngalawa mwisho wa kaskazi, akarambaza upande wa Misali. Siku ile nyumbani kwake palikuwa na wageni wa harusi, na mchuzi ulikuwa ukingojea samaki. Akashikwa nguru, na mshipi ukatoka kwa kasi. Mara gurudumu likakwama, kitambo cha kupepesa jicho, na mshipi ukakatika. Alirudi mikono mitupu akimlaumu muuza duka kwamba amemwuzia mshipi mbovu.

Tulikaa barazani tukavitazama vyombo vile. Mshipi, pale ulipokatika, ulikuwa umekwaruzika kama uzi uliopitishwa kwenye kisu. Pete ya ncha ya ufito ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Breki ya gurudumu ilikuwa imeachwa imekazwa tangu safari ya nyuma, miezi kadha wa kadha, na sahani zake za ndani zilikuwa zimegandamana kwa chumvi. Na vyombo vyote vilikuwa vimeegemezwa dirishani, mahali papigwapo na jua kila asubuhi. Muuza duka hakuwa na kosa. Makosa yote yalitendeka chumbani, kidogo kidogo, na bahari ilikuja kuyatangaza tu. Nguru naye alikwenda zake na ndoana mdomoni na waya ukimning'inia, wala hapana aliyefaidika.

Basi na tuanze na mshipi. Zamani mishipi ilikuwa ya pamba au kitani, na ilikuwa ikioza. Mtu akirudi pwani alikuwa hana budi kuitandaza ikauke, la sivyo ilikuwa haifai tena. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenziwe, katika kampuni ya Du Pont ya Marekani, waliivumbua nailoni, nayo ikatangazwa kwa watu mwaka 1938. Nailoni haiozi. Ndipo watu walipodhani kwamba haina haja ya kutunzwa, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Sisi watu wa Pemba tumezoea kuanika. Jua ni rafiki wa karafuu, walakini ni adui wa mshipi wa nailoni. Jua huukausha na kuudhoofisha pasipo kuubadili sura, hata mtu aukamatapo huuona mzima. Mahali pake ni gizani, penye ubaridi, mbali na mafuta ya taa na dawa za wadudu.

Katika kuchagua, soma maandishi ya kibandiko kama usomavyo hati kabla ya kutia sahihi. Yatazame mambo mawili: uzito ambao mshipi hukatikia, na unene wake. Mshipi wa ratili 30, yaani kilo 13 na nusu hivi, watosha kwa changu na kolekole wa kadiri. Usinunue mnene kupita haja ukidhani umejihifadhi, maana mshipi mnene hujaza gurudumu upesi, husukumwa na mkondo, na samaki huuona. Kumbuka pia kwamba nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungukiwa na nguvu kidogo. Basi usiihesabu mpaka ratili ya mwisho.

Iko pia mishipi ya kusukwa, iliyo myembamba na yenye nguvu nyingi kwa unene wake. Hii hainyumbuki, na kwa hiyo samaki akigusa chambo chini kabisa, mkono huhisi. Lakini ikisuguana na mwamba hukatika kwa haraka, wala haimsamehe mtu anayevuta kwa pupa. Anayeitumia, kwanza akunje nailoni mizunguko michache juu ya gurudumu, kwani mshipi wa kusukwa peke yake huteleza na kuzunguka bure. Kisha mwishoni aunge pima moja au mbili za nailoni nene kwa ajili ya mwamba. Na kama anawinda nguru, atie waya mfupi, kwa sababu meno ya nguru ni makasi.

Ufito nao una tabia zake. Ufito wa nyuzi za kioo ni mzito kidogo, lakini huvumilia kugongwagongwa ndani ya ngalawa. Ufito wa kaboni ni mwepesi na una hisia njema, ila ukigongwa ubavuni hupata jeraha lisiloonekana, na siku ya samaki mkubwa hukatika pale pale. Tena kaboni hupitisha umeme. Ngurumo za masika zikianza, ulaze chini, wala usiuelekeze mbinguni. Pete za ufito uzikague kwa pamba: ipitishe taratibu ndani ya kila pete, na ikinasa nyuzi, pana ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pete yenye ufa, usipoibadili, utanunua mshipi mpya kila safari.

Gurudumu ndilo kubwa la gharama, na ndilo lionewalo zaidi na chumvi. Ulichaguapo, uliza lililotengenezwa kwa ajili ya maji ya bahari, zungusha mkono wake ukisikiliza kama lakwaruza, na jaribu breki kama yaachia mshipi kwa ulaini, pasipo kuruka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Breki itiwe kadiri ya robo au theluthi ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 12, samaki aanze kuuondoa akivuta kilo 3 au 4. Msikisie, fungeni ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'inia, mvute, mkasome.

Mkirudi kutoka baharini, fanyeni mambo haya kabla ya kulala, maana ya kesho huwa ya mwezi ujao. Kwanza kazeni breki kidogo, ili maji yasiingie ndani. Mwagieni gurudumu na ufito maji baridi yasiyo ya chumvi, kwa upole. Msiyapige kwa nguvu ya mpira, kwa kuwa nguvu huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Futeni kwa kitambaa, yaacheni yakauke kivulini, tieni tone la mafuta mahali penye kuzunguka, kisha ilegezeni breki kabisa. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo lililomkosesha mwenzetu nguru wake.

Kila mara kabla ya kutoka, pitisheni pima tatu za mwisho kati ya vidole viwili. Mkihisi ukwaruzo, kateni, mfunge upya. Kukata pima tatu ni hasara ya senti. Kuacha kukata ni hasara ya samaki. Na fundo lilowesheni kwa mate kabla ya kulikaza, mlikaze polepole, maana nailoni kavu ikikazwa ghafula hujiunguza kwa msuguano, na fundo hilo litafunguka au kukatika.

Sasa niseme juu ya mwili. Mshipi usizungushwe mkononi hata mara moja, hasa ule wa kusukwa. Jodari akikimbilia chini, na mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, hatangoji mtu ajifungue. Mshipi utaingia nyamani hata mfupani. Vaeni glavu au kitambaa kinene, na kisu kiwe karibu, mahali ambapo mkono wowote waweza kukifikia.

La mwisho ni mshipi uliochakaa. Kwa kuwa hauozi, ukitupwa baharini huendelea kuvua pasipo mvuvi: hunasa matumbawe, ndege, na kasa wanaopanda Misali kutaga mayai. Misali iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 hifadhi ilipanuliwa katika mkondo wa magharibi. Zimo sehemu ambazo uvuvi umekatazwa, na karani anayewaandikia wengine sheria haifai awe wa kwanza kuivunja. Mshipi mkuukuu uukateni vipande vifupi, mrudi nao nchi kavu.

Mabibi na mabwana, sisi tumezoea kulaumiwa kwa jalada lililopotea, na twajua kwamba jalada halipotei siku lile linapotafutwa; lilipotea siku lile lilipowekwa pasipo mahali pake. Mshipi ni vivyo hivyo. Robo saa ya jioni, ndoo moja ya maji na kitambaa kikavu vyatosha. Mwenzetu yule amekwisha badili pete ya ufito wake na kuondoa vyombo dirishani. Wageni wa harusi wamekwenda zao, lakini kaskazi itarudi, na nguru nao.